Supu ya utumbo Tabata: nimekula, na nimekagua

Nianze na hukumu, maana nawajua: wengi mnasoma mistari mitatu mnaondoka. Utumbo wa kibanda hiki ni msafi, umeiva, na bei yake haimuumizi mtu. Makongoro mazuri. Firigisi nzuri sana. Maini bado, na nitasema kwa nini. Aliyekuja kutafuta hayo tu ameshapata, aende salama. Aliyebaki avute kiti, mimi nimestaafu na muda ninao.

Kibanda kiko Tabata, ng'ambo ya reli, nyuma ya safu ya gereji. Bango hakina. Ukishuka kituoni mwambie bodaboda yeyote "kwa mama wa utumbo", atakupeleka, na usishangae akiegesha pikipiki na yeye akaketi. Juu mabati, ubavuni turubai, mabenchi marefu yanayotazamana na meza katikati. Masufuria makubwa ni mawili, moja la utumbo na moja la makongoro. Kuna karai la maini. Na pembeni kijana wake anachoma firigisi kwenye vijiti. Saa kumi na mbili asubuhi moto umeshakolea. Saa tatu na nusu ukikuta utumbo umebaki, shukuru.

Sasa mimi ni nani hata niwapimie watu supu? Nilikuwa mkaguzi wa nyama. Nilisomea mifugo Mpwapwa, nikazunguka machinjio za wilaya, nikamalizia kazi hapahapa Dar. Wachinjaji wote walituita dokta, ingawa cheti changu ni stashahada, na mpaka leo mwenye bucha wa mtaani kwetu ananiita hivyo kwa sauti mbele ya daktari halisi wa binadamu anayekaa nyumba ya pili. Nimeacha kumsahihisha. Ninachotaka mjue ni kwamba bakuli likiwekwa mbele yangu, kabla ulimi haujaonja, macho yameshaanza kazi.

Bakuli lenyewe sasa. Unapata taulo, yaani lile tumbo kubwa la ng'ombe lenye vinyweleo kama taulo la kuogea, unapata kitabu, unapata utumbo mwembamba uliosokotwa, na ukiwa na bahati kipande cha lile tumbo lenye vyumba vyumba vya sega. Mchuzi hauna rangi ya kununuliwa dukani. Ni wa kijivu cha kawaida, wenye mafuta kidogo yanayoelea, harufu yake tangawizi na kitunguu saumu. Taulo limekwanguliwa utando wake mweusi, lakini halijafanywa jeupe pe. Hilo nimelipenda. Utumbo mweupe kupita kiasi unanifanya nitake kujua umelowekwa kwenye nini.

Kipimo changu kiko kwenye kitabu. Wapishi wavivu huwa wanakitupa au wanakiuza kwa bei ya kutupa, kwa sababu kuosha kwake ni kazi. Hiki ni chumba cha tatu cha tumbo la ng'ombe, kazi yake kukamua maji kwenye majani yaliyokwisha kutafunwa mara ya pili, na ndani yake kuna karatasi za nyama zilizopangana, kila moja ina vichunusi vidogo vidogo pande zote mbili. Mchanga ukiingia humo hautoki kwa kumwagiwa maji juu juu. Basi nikachukua kipande, nikakifunua karatasi moja moja kwa ncha ya kijiko, nikapitisha ulimi. Hakuna mchanga. Hakuna lile tope la kijani linalojificha kwenye shina. Nikachukua kingine, hivyo hivyo. Kijana wa gereji aliyekaa mbele yangu akaniuliza, "Mzee, unatafuta pete?" Nikamwambia natafuta sababu ya kutolipa. Sikuipata.

Nikaomba nione nyuma. Wapishi wengi ukiwaomba hivyo wanakuwa wakali, au ghafla maji yamekatika. Huyu mama alinijibu, "Karibu baba, pita tu, angalia usiteleze." Kuteleza kwenyewe kulikuwa kwa haki, maana maji yanatiririka muda wote kutoka kwenye simtanki.

Mzigo wake unatoka machinjio ya Vingunguti, ambako si mbali. Ng'ombe hao wengi wamepitia mnada wa Pugu, wametoka bara huko, na wanapochinjwa mzoga huenda njia yake kwenye mabucha, na kichwa, miguu na nyama za ndani huenda njia nyingine, mikononi mwa akina mama na vijana wenye biashara hiyo. Mara nyingi uchafu mkubwa unamwagwa kulekule. Lakini kinachoitwa "umeshaoshwa" kule, kwake ndiyo kwanza kazi inaanza. Anaosha kwa maji baridi. Kisha anatia taulo kwenye maji ya moto ambayo hayajachemka. Hapa ndipo wengi wanaharibu: maji yakichemka sana, ule utando unakamatana na nyama na haukwanguki tena, utakwangua mpaka jioni. Yeye anatumbukiza mkono na kuutoa haraka; mkono ukivumilia kidogo kisha ukakataa, maji yamefaa. Kisu chake cha kukwangulia ni butu makusudi, hakikati, kinasukuma tu. Utumbo mwembamba anaugeuza ndani nje kwa kijiti, anasugua na chumvi ya mawe na ndimu, anasuuza, anarudia. Anachemsha mara ya kwanza, maji yale anayamwaga yote. Ya pili ndiyo supu: tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, basi. Binzari hatii. Nilipomuuliza akasema binzari ni ya kufichia, na yeye hana cha kuficha. Nilipenda jeuri hiyo.

Katika miaka yangu ya kazi nimekutana na watu wengi wasiokula utumbo, na wengi wao ukiwahoji vizuri utakuta hawakuukataa utumbo. Waliukataa utumbo wa mtu fulani, siku fulani. Kuna aliyelishwa shuleni bwenini, ukiwa na majani ndani. Kuna aliyepita nyuma ya mgahawa akaona beseni limefunikwa na nzi. Mtu kama huyo anabeba ile harufu maisha yake yote, kisha anasema "mimi sili vitu vya ndani" kana kwamba ni dini. Nyama ya paja ikipikwa vibaya tunamlaumu mpishi. Utumbo ukipikwa vibaya tunamlaumu ng'ombe.

Mke wangu ni mtu wa Tanga, na kwao utumbo ulinunuliwa kwa ajili ya paka. Sisemi Tanga nzima, maana mimi mwenyewe nimekula utumbo wa nazi Pangani ambao nikiukumbuka naona njaa. Nasema nyumbani kwao. Mimi kwetu Bukoba ndizi na utumbo ni chakula cha watu wazima na watoto, hakina cha kuombewa radhi, na ukivuka mpaka ukafika Kampala, katogo ya ndizi na utumbo ni kifungua kinywa cha mtu anayekwenda ofisini na tai yake shingoni. Tulipooana tulikubaliana: naruhusiwa kupika, lakini sufuria langu ni langu na linakaa nje. Nilipomleta hapa alikunja uso mpaka alipoona ule utaratibu wa kuosha. Utumbo hajala. Ila aliagiza kongoro, akalifyonza mpaka mfupa ukang'aa, kisha akaniambia nisimtangazie mtu. Nimewaambia ninyi tu.

Na makongoro ya hapa yanastahili. Kwato zimebabuliwa kwa kuni, zikakwanguliwa unyoya wote, zikapasuliwa, zikakaa motoni usiku kucha. Supu yake ikipoa inaganda yenyewe kwa sababu ngozi na mishipa ya mguu imeyeyuka ikawa gundi; midomo inashikana ukimaliza bakuli. Kuna mahali nimewahi kuona watu wakibabua kwa matairi ya gari ili kuokoa kuni. Nyama ya namna hiyo ina weusi unaonata na harufu ya lami. Ukiikuta mahali, ondoka, hata kama umeshalipa.

Firigisi ni habari ya pekee. Vipande vitano kwenye kijiti, vimechemshwa kwanza, vikapakwa ndimu na pilipili, vikapita kwenye mkaa. Vinalia mdomoni lakini havikatai meno. Nilikulia nyumba ambayo firigisi ya kuku haikuguswa mpaka baba afike. Mama anaipakua juu ya ugali wa baba, na sisi tunaitazama ikienda. Mvulana angeweza kuibahatisha baba akiwa safarini. Msichana hakuwa na siku yake. Dada yangu mkubwa, ambaye sasa ni bibi wa wajukuu, alikuja Dar kwa matibabu ya macho, nikamleta hapa. Akaagiza vijiti vinne. Nikanyoosha mkono nichukue kimoja, akakisogeza kijisahani upande wake wa pili, akaendelea kula huku anatazama barabara. Sikusema kitu. Hilo deni lilikuwa la siku nyingi.

Mazungumzo ya kwenye mabenchi nayo ni sehemu ya unacholipia. Kuna siku lilizuka suala la bandama. Kijana mmoja akasema bandama ni damu tupu, Mwislamu hali. Mzee mwenye kofia ya kufuma akaweka chapati chini akamkumbusha ile hadithi ya mizoga miwili na damu mbili zilizohalalishwa: samaki na nzige, ini na wengu, na wengu ndilo hilohilo bandama. Mjadala ukafungwa, bandama likaagizwa. Mimi nikabaki na langu moyoni, kwamba bandama ndilo kiungo mkaguzi analitazama kwa hofu kuliko vyote. Ng'ombe mwenye kimeta bandama lake huvimba, huwa jeusi na kulegea, na damu yake haigandi inavyotakiwa. Ndiyo maana mnyama aliyekufa ghafla, damu ikimtoka puani, tunakataza hata kumpasua. Watu vijijini hawatupendi kwa hilo. Ng'ombe mzima kuzikwa na ngozi yake ni msiba. Lakini kimeta kinaua, na vijidudu vyake vinakaa ardhini miaka na miaka. Bandama la hapa lilikuwa dogo, limekaza, kingo zake nyembamba. Nikalila.

Kuna na wale wa "ini ni ghala la sumu". Hawa hawakosekani, wengi vijana wa mazoezi. Ini halikai na sumu kama stoo. Linaivunja na kuitoa. Wanalosema lina punje ya ukweli upande mwingine, nao hawaujui: dawa. Ng'ombe akichomwa oksitetrasaiklini leo kisha akauzwa kesho, mabaki ya dawa utayakuta kwenye ini na figo kwa wingi kuliko kwenye paja. Kila chupa imeandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Mfugaji mwenye ada ya shule mlangoni anazisoma siku hizo kwa haraka sana. Hapo mpishi hana la kufanya, wala kuosha hakusaidii, na ni suala la kule mnadani na la sisi tuliopewa visu na mihuri.

Mpwa wangu anafundisha lishe, na nilipomsimulia habari za mabenchi haya akanipa kisa cha Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nyama nyingi ilikuwa inakwenda kwa wanajeshi, serikali ikataka akina mama wa nyumbani wapike mioyo, figo na nyama nyingine za ndani walizozidharau. Mtaalamu wa saikolojia Kurt Lewin akawapanga makundi. Baadhi walipewa mhadhara mzuri, na vitamini zake na uzalendo wake. Wengine waliachiwa wazungumze wenyewe: mume atagoma, jikoni kutanuka, watoto watalia, mwisho wakanyoosha mikono, nani yuko tayari kujaribu. Walipofuatiliwa baadaye, waliosikiliza mhadhara ni asilimia 3 tu waliokuwa wamepika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Waliozungumza, asilimia 32.

Nimeliona jambo hilo kwa macho yangu hapa, bila mtaalamu yeyote. Kijana wa ofisi, kitambulisho shingoni, analetwa na wenzake Jumamosi kichwa kinamgonga kwa ya jana. Anaagiza "supu ya nyama". Mama anamwambia nyama hana. Anataka kuinuka, hana pa kupita kwa sababu benchi limejaa pande zote mbili. Fundi wa jirani anamega taulo, anachovya kwenye pilipili, anamwekea kwenye kisosi: "Onja hii kwanza, ikikushinda nirudishie." Wote wanamtazama. Atafanyaje? Anakula. Wengine wanaishia hapo, lakini wapo ninaowaona wanarudi wenyewe, na wanamwekea mgeni mwingine kipande kwenye kisosi kana kwamba walizaliwa machinjioni. Hao hao, nyuma ya soseji wanazonunua supamaketi, hawakuwahi kuuliza ile ngozi ya soseji za asili ni nini. Ni utumbo.

Nisiwadanganye wenye jongo. Nyama za ndani, hasa ini, figo na bandama, zinaongeza asidi ya yuriki, na kidole gumba cha mguu kikianza kuwaka usiku usimlaumu mama. Jamaa mmoja hapa anakuja na kandambili mguu mmoja na kiatu mguu wa pili, anaagiza supu tupu, anavuta harufu ya figo za jirani yake. Na wajawazito: najua kliniki zetu zinahimiza maini kwa ajili ya damu, na kweli yana madini ya chuma na vitamini B12 kwa wingi. Ila gramu 100 za maini ya ng'ombe yaliyopikwa zinapita mara mbili kiwango cha juu cha vitamini A kwa mtu mzima kwa siku, ambacho ni mikrogramu 3,000, na vitamini hiyo ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Uingereza wanawashauri wajawazito wasile maini kabisa. Kati ya hao na wetu, mtu aende akamuulize mhudumu wake, asiniulize mimi niliyesomea ng'ombe.

Bei. Utumbo bakuli la kawaida 2,500, makongoro 3,000, chapati 500, kijiti cha firigisi 1,000, sahani ya maini 3,500. Ndimu na pilipili mbuzi havina bei, na pilipili yake ni ya kuheshimiwa. Anza na tone. Ndizi za kuchemsha zinapatikana siku za mwisho wa wiki. Unaweza kulipa kwa simu. Anapima kwa upawa mmoja kwa kila mtu, mwenye suti na mwenye ovaroli, na ukitaka nyongeza ya mchuzi anakuongezea bila kununa. Mwezi wa Ramadhani anahamia jioni, na supu inatoka wakati wa futari.

Kunawa kuko vizuri, ndoo yenye koki na sabuni ya maji. Lakini kando ya ndoo linaning'inia taulo moja la kufutia mikono ya watu wote, tangu alfajiri, na lile si la ng'ombe. Liondolewe leo. Afadhali tukung'ute mikono hewani. Vumbi la gereji nalo likianza, upande wa kulia haukaliki. Wahi mabenchi ya kushoto, karibu na turubai. Moshi wa kuni utakuingia machoni upepo ukigeuka, hilo lizoeleke tu. Wa kubeba, njoo na hotipoti yako: mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na mama hana vyombo vya kufungia mchuzi. Ukija mikono mitupu utakunywea hapahapa au utaondoka na chapati.

Sasa maini. Nimeyala zaidi ya mara moja nikitumaini kwamba mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya. Kitunguu kizuri, hoho nzuri, nyanya imekaangika vizuri, na katikati yake vipande vikavu vinavyotafunika kwa juhudi. Ini lenyewe ni zima, hilo nina hakika. Nilikwenda kuliangalia bichi na nikaziona alama za kisu cha mkaguzi. Na ninyi mnaonunua bucha mjifunze hilo. Ini linakaguliwa kwa kulipapasa na kulichanja kwenye mifereji ya nyongo, kutafuta minyoo bapa ambayo ng'ombe huipata kwenye malisho ya majimaji yenye konokono. Ini zima lisilo na mkato hata mmoja huwa najiuliza limepita mlango gani. Mifereji ikiwa imekakamaa na kuwa na kuta nene nyeupe, mwachie mwenyewe.

Kwa hiyo tatizo si mali. Ni kwamba yanakaangwa yote alfajiri mara moja, yanakaa kwenye karai, na kila mteja akija yanarudishwa motoni. Ule utando wa juu haumenywi, ukipata moto unajikunja na kulivuta ini lote. Mifereji mikubwa inaachwa mle mle. Mama huyu anayevumilia kukwangua taulo usiku wa manane anashindwaje na utando wa ini, ambao unatoka kwa vidole? Nilimuuliza kwa adabu. Akasema maini ni kazi ya kijana, yeye hayali tangu utotoni, hapendi yanavyonata ulimini. Nikanyamaza, maana nimeshaandika hapa juu namna watu wanavyopata machukizo yao.

Ila kijana anasoma simu muda wote, huenda na hii ataisoma. Kijana wangu, menya utando. Kata vipande vinene kiasi, toa mifereji. Kitunguu na hoho pika mapema upendavyo, lakini ini liache bichi kwenye barafu, ulitie kwenye karai mteja akishaketi, moto mkali, ligeuze mara chache, ukilikata katikati lisiwe na damu, basi lipakue saa hiyohiyo. Chumvi weka mwisho. Ukifanya hivyo wiki nzima nitarudi na kuwaandikia hawa upya, na 3,500 yako nitailipa bila kuuliza chenji.